SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: Kuharisha Damu Kusikokoma, na Daftari la Kuufuatilia Ugonjwa



Katika kurasa hizi mmezoea kusoma juu ya leja, stakabadhi na mizania. Safari hii nawaletea somo la tumbo. Huenda mtu akauliza mkaguzi wa ushirika amepata wapi mamlaka ya kusema juu ya choo cha watu. Mamlaka hayo sinayo. Mimi si tabibu, na yaliyomo humu nimeyapata kwa kusoma na kwa kuwauliza matabibu. Lakini yako maradhi ambayo hayajulikani kwa kumtazama mgonjwa siku moja, bali kwa kumbukumbu za wiki na miezi, na kutunza kumbukumbu ndiyo kazi yetu. Kadhalika ninalo deni la kulipa, nami nitaanza nalo.

Hoja niliyoiandika

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa mpunga, upande wa Mlimba. Ulikuwa mwaka wa masika makubwa, barabara ya kutoka Ifakara imekatika, nami nilifika usiku kwa treni ya TAZARA. Asubuhi nilikuta daftari la fedha limelala wiki saba bila kuandikwa. Stakabadhi zilikuwapo, hati za malipo zilikuwapo, fedha yenyewe ilikuwapo. Maandishi ndiyo hayakuwapo. Kila nilipomwuliza Katibu swali la pili, aliinuka akatoka nje. Alitoka mara tano kabla ya saa sita mchana. Nilimwona kuwa ni mtu anayekwepa maswali. Nikaandika hoja ya ukaguzi kwa maneno makali: kwamba Katibu haonekani mezani saa za kazi, na kwamba mwenendo wake unatia shaka.

Hoja ile ilisomwa mbele ya bodi. Katibu hakujitetea. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili. Angesemaje mbele ya wazee na akina mama kwamba alikuwa akienda chooni mara kumi kwa siku, na kwamba alichokuwa akikiacha huko ni damu? Alinyamaza, akapewa onyo.

Jioni alinifuata nilikofikia. Hakuja kulalamika. Alinipa daftari dogo la shule lililokunjika pembe, akasema, "Ndugu Mkaguzi, naomba unikagulie na hili." Ndani yake alikuwa ameandika kila shilingi aliyoitumia kwa dawa katika miezi kumi na minne: tarehe, jina la dawa, bei, duka. Metronidazoli mara tisa. Siprofloksasini mara nne. Dawa ya minyoo mara tatu. Mizizi ya kuchemsha mara mbili, na mbuzi mmoja kwa mganga aliyemwambia kuwa amelishwa. Mimi nilisoma kurasa zile kama nisomavyo kitabu cha matumizi, na jambo moja lilinijia mara moja: fedha ilikuwa imetoka mara tisa kulipa deni moja, na deni halikupungua hata senti. Katika chama tungesema wazi kwamba tunamlipa mdai asiyehusika.

Nilimshauri asinunue dawa ya kumi, bali apeleke daftari lile hospitali Ifakara. Tabibu aliyemwona alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Akaagiza choo kipimwe siku tatu mbalimbali, damu ipimwe, kifua kikuu kitafutwe. Yote yaliporudi bila jibu, Katibu alipewa rufaa kwenda Dar es Salaam, ambako utumbo wake ulitazamwa kwa mpira wenye kamera na vipande vidogo vya nyama vikachukuliwa kupimwa. Jibu lilikuwa vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ulio katika jamii ya maradhi ya uvimbe sugu wa utumbo.

Hoja ya ukaguzi haifutwi; hujibiwa. Nami nililiandikia jibu bodi ile kwa mkono wangu mwenyewe, kwa ruhusa ya Katibu. Lakini onyo lilikuwa limekwisha kusomwa.

Kwa nini ugonjwa huu hujificha bondeni kwetu

Bonde la Kilombero ni bonde la maji. Mpunga hustawi majini, samaki hutoka majini, na wakati wa masika maji ya visima vifupi na ya vyoo vifupi hukutana. Kwa hiyo mtu wa Mlimba, Mngeta, Chita au Mbingu akiharisha damu, fikra ya kwanza huwa ni vimelea, na aghalabu fikra hiyo ni sahihi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Ifakara walifanya kazi na wanakijiji wa Kikwawila wakichunguza vimelea vya tumbo vya watoto. Mwaka 1997 kipindupindu kiliingia Ifakara penyewe. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana na kuchimba vyoo. Mafunzo yale yalikuwa ya kweli na yangali ya kweli. Ila fundisho jema likizoeleka mno huzaa upofu wake. Tumefika mahali pa kudhani kwamba kila damu iliyo chooni ni amiba, na kila amiba dawa yake iko dukani.

Tuyatazame basi maradhi yanayofanana. Kuhara damu kunakoletwa na bakteria wa shigela huja kwa kishindo, pamoja na homa na msokoto wa tumbo, na kwa kawaida huisha katika muda wa wiki moja hivi. Amiba huweza kukawia zaidi, lakini ikitibiwa sawasawa, pamoja na dawa ya pili ya kumaliza masalio yake utumboni, huondoka. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: iko amiba nyingine isiyo na madhara, ambayo katika hadubini hufanana na ile mbaya. Hivyo karatasi ya maabara iliyoandikwa "amiba" si hukumu ya mwisho, hasa ikiwa imeandikwa mara ya tano kwa mtu yuleyule aliyekwisha kumeza dawa mara nne. Kichocho cha tumbo hupatikana kwa kuingia maji yenye konokono wa ugonjwa huo. Hutafutwa kwa mayai yake katika choo na kutibiwa kwa prazikwanteli. Kifua kikuu huweza kukaa utumboni bila kikohozi chochote, kikamkondesha mtu kwa homa za jioni. Virusi vya UKIMWI navyo hufungua mlango kwa kuharisha kwa muda mrefu, na kipimo chake kisikosekane. Bawasiri hutoa damu nyekundu mbichi mwisho wa choo, kwa kawaida bila kuharisha. Saratani ya utumbo mpana, ambayo huwapata zaidi watu wa makamo na wazee ingawa vijana hawakusalimika nayo, hubadili desturi ya choo polepole.

Yote hayo yakitafutwa yakakosekana, au yakitibiwa mtu akabaki vilevile, hapo ndipo yapasa kulifikiria jina jingine.

Ugonjwa wenyewe

Niseme kwanza kwamba neno "uvimbe" hapa halina maana ya jipu wala saratani. Ni ule wekundu, joto na kuvimba kunakoonekana pembeni mwa kidonda. Jeshi la ulinzi la mwili, ambalo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe, na halipokei amri ya kusimama. Sababu kamili haijapatikana. Urithi umo, vijidudu vya kawaida vya utumboni vimo, na mazingira ya maisha yamo. Ugonjwa huu hauambukizi. Mtu hawezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kutumia choo kimoja naye, wala kwa kulala naye kitanda kimoja.

Una matawi mawili makubwa. La kwanza ni vidonda vya utumbo mpana, ambavyo daktari Samuel Wilks wa London aliviandika kwa jina lake mwaka 1859. Huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu mfululizo bila kuruka mahali. Mgonjwa huona damu na ute katika choo. Hushikwa na haja ya ghafla isiyongoja. Mara nyingine hukimbia chooni akatoa ute mtupu, na hisia ya kutomaliza haja ikabaki palepale. La pili lilielezwa na daktari Burrill Crohn na wenzake huko New York mwaka 1932, nalo linaitwa kwa jina lake hadi leo. Hili laweza kushika popote tangu kinywani hata njia ya haja kubwa, huruka mahali na mahali, na huchimba chini zaidi. Damu huenda isionekane kabisa. Huonekana maumivu ya tumbo, mara nyingi upande wa kulia chini, kukonda, uchovu, na wakati mwingine majipu au vitundu vinavyotoa usaha kando ya njia ya haja kubwa.

Matawi yote mawili huwaanza zaidi vijana, tangu miaka kumi na mitano hadi thelathini na mitano hivi, ingawa mtoto na mzee hawakuepushwa. Mtoto anayeharisha muda mrefu na kuacha kurefuka asiachwe akaitwa mdumavu tu. Yote mawili huweza pia kutokea nje ya tumbo: viungo kuuma na kuvimba, jicho jekundu lenye maumivu, vidonda vya kinywani, vinundu vyekundu vyenye kuuma miguuni. Na matawi yote mawili huja na kuondoka. Tabia hiyo ya kuondoka ndiyo inayowadanganya wagonjwa na wauza dawa. Ugonjwa ukipumzika wenyewe, dawa iliyonunuliwa wiki ile hupewa sifa isiyo yake.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa muda mrefu hata vitabu vya tiba vilisema haupo Afrika, au ni adimu mno. Lakini mwaka 1966 madaktari wa Mulago, Kampala, walichapisha taarifa ya Waafrika wanne wenye vidonda vya utumbo mpana. Waafrika wanne ni wachache. Hata hivyo wanatosha kuliondoa neno "haupo". Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, alifundisha kwamba chakula chetu cha asili kisichokobolewa kiliwaepusha watu na maradhi mengi ya utumbo. Sijui kama bondeni kwetu leo tunakula kama walivyokula babu zetu. Nionavyo mimi madukani, jibu ni hapana.

Neno la kutofautisha: wako watu ambao tumbo huwasumbua kwa wasiwasi, likafunga na kufungua, likajaa gesi, likauma na kutulia baada ya choo. Hilo linachosha, lakini halitoi damu, halikondeshi mtu, na kwa kawaida halimwamshi usiku. Damu, kukonda, homa na kuamshwa usiku ni alama nne za kutopuuzwa.

Daftari la dalili

Mtu akiona damu katika kuharisha kwa mara ya kwanza, asifungue daftari. Aende zahanati siku ileile. Daftari ni la yule aliyekwisha kutibiwa, na damu ikaendelea hadi wiki ya pili, au ikakoma na kurudi tena baada ya miezi. Ni la yule pia aliyekwisha kuambiwa jina la ugonjwa wake, kwa maana atakaa nao miaka mingi.

Chukua daftari la kawaida, pigia mistari ya wima kama ya leja. Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni idadi ya kwenda choo mchana, na ya tatu ni idadi ya usiku, yaani zile zilizokuamsha usingizini. Usizichanganye, kwa sababu tabibu hupima uzito wa mara moja ya usiku kuliko mara mbili za mchana. Safu ya nne ni damu. Neno "nyingi" halina maana katika leja, na humu pia halina. Tumia namba: sifuri, hakuna; moja, michirizi katika baadhi ya choo; mbili, damu dhahiri karibu kila mara; tatu, damu tupu bila kinyesi. Safu ya tano ni maumivu, kwa namba vivyo hivyo. Ya sita ni dawa uliyokunywa, pamoja na zile za maumivu ya kichwa. Ya saba iachwe pana kwa mengineyo: goti limevimba, jicho jekundu, hedhi, msiba, safari, chakula kigeni.

Kwa mfano, mstari mmoja waweza kusomeka hivi: "Tarehe 4, mchana 5, usiku 2, damu 2, maumivu 1, salfasalazini asubuhi na jioni, goti la kulia zito." Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Andika kabla ya kulala, usingoje kesho. Ninyi makatibu mnajua jinsi vocha ya juzi inavyoandikwa kwa kubahatisha.

Mara moja kwa wiki andika uzito. Na hapa chama kina kitu ambacho nyumba nyingi hazina: mizani ya jukwaa ya ghalani, iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mwanachama apime siku moja ya juma, asubuhi, kwa mizani ileile, bila viatu. Kilo mbili zilizopungua katika mwezi, pasipo kazi ya shamba iliyozidi, ni habari ya kupeleka kwa tabibu.

Mwisho wa wiki funga hesabu. Jumlisha mara za choo, gawanya kwa saba, andika wastani kwa wino mwekundu. Siku moja mbaya haina maana kubwa. Mtu alikula kiporo. Lakini wastani ukipanda tangu tatu hata nne, kisha tano, wiki tatu mfululizo, ugonjwa unaamka, hata kama mgonjwa mwenyewe anasema yu mzima. Katibu niliyemtaja aliwahi kuutambua mwamko wake kwa njia hii kabla ya kuona damu. Alirudi kliniki, dawa ikaongezwa, na msimu wa ununuzi ukapita bila kulala kitandani. Mtu anayengoja mpaka azidiwe huingia kliniki akiwa na neno moja tu, "naumwa", na tabibu mwenye foleni ya watu sitini atafanya nini na neno hilo?

Naongeza onyo. Wako wanaoligeuza daftari kuwa polisi wa chakula. Leo maharage yameshtakiwa, kesho maziwa, keshokutwa samaki, mwisho mtu anabaki na uji mweupe na mifupa. Hakuna chakula kimoja kinacholeta ugonjwa huu wala kimoja kinachouponya. Ugonjwa ukiwa umeamka, vyakula laini kama wali uliopikwa sana, ndizi na samaki asiyekaangwa humsaidia mgonjwa. Ukitulia, arudie chakula cha nyumba kwa kadiri tumbo linavyokubali. Maji safi na maji ya chumvi ya kuongeza nguvu yawepo siku zote.

Siku ya kutongoja kupambazuka

Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford, Uingereza, walitoa kipimo cha kutambua shambulio kali la vidonda vya utumbo mpana. Kingali kinatumika katika hospitali kubwa duniani, na uzuri wake ni kwamba sehemu yake kubwa yaweza kufanywa Mlimba kwa kipimajoto na saa. Mgonjwa anayepata choo chenye damu mara sita au zaidi kwa siku, na pamoja na hayo akawa na lolote kati ya haya: joto la mwili kupita nyuzi 37.8, mapigo ya moyo kupita 90 kwa dakika, au wingi wa damu chini ya 10.5, huyo yuko katika hatari. Maabara yenye kifaa huongeza pia kipimo cha kasi ya kuzama kwa chembe za damu. Mapigo yahesabiwe dakika nzima, mgonjwa akiwa ameketi kimya.

Tumbo likivimba na kuwa gumu, kuharisha kukikoma ghafla huku maumivu yakizidi, mtu akitapika au kuzimia, hapo tusihesabu chochote. Utumbo waweza kupanuka na kupasuka. Mgonjwa aondoke usiku uleule kwenda kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kutoka Mlimba hata Ifakara ni mwendo. Wenye kumsafirisha wawe wamejua mapema gari ni la nani na fedha itatoka wapi.

Dawa, na hila za duka

Ugonjwa huu hauondolewi kabisa kwa vidonge, lakini hutulizwa, na wengi huishi umri wao wakilima na kulea. Salfasalazini na mesalazini hutumika kutuliza vidonda vya utumbo mpana na kuvizuia visiamke. Prednisoloni huvunja shambulio, kisha hupunguzwa polepole. Haifai kuikata ghafla. Azathioprini hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa, na damu yao hupimwa mara kwa mara. Zipo dawa mpya za sindano zenye gharama kubwa, na upo upasuaji.

Sasa hila. Prednisoloni ni rahisi, na wako wanaoiuza bila kuuliza. Kwa mtu mwenye amiba, kifua kikuu, au minyoo aina ya strongiloidi ambayo bondeni mwetu ipo, dawa hii yaweza kumwua, kwa sababu hulilaza jeshi la mwili wakati adui yumo ndani. Ndiyo sababu ya kupima kwanza na kutibu baadaye. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wakulima hunywa kwa mgongo baada ya palizi, zinaweza kuuamsha ugonjwa wa utumbo. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni salama zaidi. Vidonge vya kufunga kuharisha visinywewe wakati wa shambulio kali. Aliyewahi kubabuka ngozi kwa dawa ya salfa, kama vile SP ya malaria au Septrini, amweleze tabibu kabla ya kupewa salfasalazini. Dawa hiyo huweza kuupa mkojo rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara, na kwa wanaume hupunguza uwezo wa kuzalisha kwa muda, ukarudi baada ya kuiacha. Vijana wanaotafuta mtoto waulize mapema. Mama mjamzito asiache dawa kwa hofu yake mwenyewe. Mara nyingi mimba huendelea vema ugonjwa ukiwa umetulia, na huharibika zaidi ukiwa umeamka.

Na aliyeishi na vidonda vya utumbo mpana miaka minane hivi anapaswa kutazamwa tena kwa kamera, hata akijiona mzima, kwa kuwa saratani huwapata watu hawa zaidi kuliko wengine. Tarehe hiyo iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari.

Juu ya aibu, na wajibu wa chama

Abe Shinzo, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, aliugua vidonda vya utumbo mpana tangu ujana wake. Alijiuzulu mwaka 2007 ugonjwa ulipomzidi, akatibiwa, akarudi madarakani mwaka 2012, akatawala karibu miaka minane, na Agosti 2020 akatangaza mbele ya taifa kwamba ugonjwa umeamka tena na kwamba ataondoka. Alilitaja jina la ugonjwa wake hadharani. Nimeleta habari hii kwa sababu katika bodi ile ya Mlimba hapakuwa na mtu aliyeweza kusema neno "choo" mbele ya wenzake, nami mkaguzi wa kwanza.

Simtaki mtu yeyote atangaze maradhi yake mkutanoni. Siri ya mwili ni ya mwenyewe. Nasema kwamba mwenyekiti anaweza kumwita mtendaji faraghani na kumwuliza, "Ndugu yangu, una afya?" kabla ya kumwuliza daftari liko wapi. Anaweza kuhakikisha ofisi ina choo kilicho karibu, chenye mlango na maji. Anaweza kumteua mjumbe wa kuandika daftari la fedha Katibu anapokuwa kliniki, ili lisilale. Na kamati ya mikopo, inapopokea ombi la nauli ya rufaa, isiliweke chini ya maombi ya mbolea kwa sababu tu ya kutolielewa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Je, katika kijiji chetu mtu akiharisha damu huenda kwanza wapi, na kwa sababu gani? Mwanachama amenunua metronidazoli mara tatu tangu Januari, na damu inarudi. Kikundi kimshauri apeleke nini kwa tabibu, na aulize vipimo gani? Mwanachama mwingine, anayejulikana kuwa na vidonda vya utumbo mpana, ameandika mchana 6, usiku 3, damu 3, mapigo 104: nani ana gari, na nani atapigiwa simu? Mwisho, mizani ya ghala lenu ilikaguliwa lini?

Makatibu waandike majibu ya swali la tatu na la nne, wayatume pamoja na taarifa ya mwezi.